Akiba Hii Huoza

Machi 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri inayoyataka majimbo na serikali za mitaa kubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kujiandaa na majanga, na kabla mwezi huo haujaisha Wizara ya Afya ya nchi hiyo ikatangaza kuwa idara yake ya maandalizi ya dharura ingewekwa chini ya CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa. Idara hiyo ndiyo yenye ofisi ya taifa ya vikosi vya akiba vya tiba (Medical Reserve Corps), yaani makundi ya wataalamu wa afya na watu wengine wanaojitolea kusaidia jamii zao wakati wa dharura, na tangu hapo mjadala juu ya vikosi hivyo umekuwa ukizunguka swali ambalo silo. Wanaoshangilia mabadiliko hayo wanasema kujitolea ni jambo la jirani kwa jirani, halihitaji ofisi wala fungu la fedha kutoka Washington. Wanaoyapinga wanajibu kwa idadi: watu takriban 300,000, vikosi vipatavyo 700, wakimaanisha kwamba jeshi kubwa namna hiyo haliwezi kutelekezwa. Pande zote mbili zinahesabu vichwa. Ninachodai katika makala haya ni kwamba kikosi cha akiba cha tiba si umati wa watu wenye moyo mwema, bali ni orodha ya watu ambao utambulisho wao, leseni zao na uwezo wao vimehakikiwa kabla ya siku ya shida, na kwamba sehemu ya mpango huu inayogharimu fedha hasa, yaani kazi ya kuiweka orodha hiyo hai, ndiyo isiyozungumzwa na upande wowote.

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa nafaka iliyoanikwa vizuri au fedha iliyofungwa kibindoni hawakukosea sana. Akiba ya watu ina tabia nyingine. Leseni ya muuguzi hufika tarehe yake ikaisha. Mfamasia aliyejiandikisha akiwa na miaka 58 sasa ana 66, na magoti hayamruhusu tena kusimama zamu nzima. Daktari amehamia jimbo jingine bila kumwambia mtu. Namba ya simu imebadilika, anwani ya barua pepe ni ya mwajiri wa zamani, na barakoa iliyopimwa ikamkaa vizuri mwaka juzi haimkai tena kwa sababu amepungua kilo 15. Hakuna aliyekosea kati yao, maisha ndivyo yalivyo. Lakini orodha isiyoguswa kwa miaka 3 ni sawa na ghala lililoingiwa na wadudu: ukilitazama kwa nje, limejaa.

Mpango huu una asili ya kueleweka, na asili hiyo haikuwa upungufu wa watu. Septemba 2001 madaktari na wauguzi walimiminika kwenye eneo lililoshambuliwa la New York, na wengi wao hawakutumika. Sababu moja ilikuwa ya kuhuzunisha: majeruhi wa kuokoa walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa wengi wa waliokuwamo ndani ya minara ilipoanguka walikuwa wamekwisha kufa. Sababu ya pili ilikuwa ya kiofisi tu, na ndiyo iliyozaa mpango: hakukuwa na njia ya haraka ya kujua kama mtu anayejitambulisha kuwa daktari wa upasuaji ni daktari kweli, ana leseni inayotumika, na nani atawajibika akikosea. Wiki chache baadaye zikaja barua zenye vimelea vya kimeta. Walioambukizwa walikuwa 22 na waliokufa 5, lakini maelfu ya wengine walipaswa kupewa dawa za kujikinga kwa wiki kadhaa, na hapo shida ikageuka: sasa kazi ilikuwa tele, ya kugawa vichupa, kuuliza maswali na kujaza fomu, na watumishi wa afya ya jamii hawakutosha. Januari 2002 Rais Bush aliwaomba Wamarekani wajitolee, na mwaka huohuo Kikosi cha Akiba cha Tiba kikaanzishwa kwa majaribio chini ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Serikali, jamii 42 zikipata ruzuku za kwanza. Sheria ya mwaka 2006 ikakipa mahali rasmi.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo waandishi wengi hulipita bila kulitazama. Vikosi hivi havijawahi kuwa mali ya Washington. Kila kimoja kina mwenyeji wake, mara nyingi idara ya afya ya kaunti au ya mji, na mwenyeji huyo ndiye anayeandikisha watu, kuwafunza, kuwaita na kuwapanga. Ofisi ya taifa hutoa mwongozo, usajili, mafunzo na ruzuku ndogo, haitoi amri. Ndiyo maana kauli kwamba madaraka sasa yanarudishwa mashinani haina maana kubwa hapa, kwa sababu mashinani ndiko yalikokuwa tangu siku ya kwanza. Kinachoweza kuhama ni bili.

Sasa tutazame bili hiyo ni ya nini. Mtu anayetaka kujiunga huomba, huthibitisha yeye ni nani, hukaguliwa kumbukumbu za makosa ya jinai, na kama ni mtaalamu wa afya leseni yake hutafutwa kwenye bodi iliyoitoa kuona kama bado inatumika na kama ina zuio lolote. Kisha huja masomo ya msingi juu ya mfumo wa uongozi wakati wa tukio, ili kila mtu ajue anaripoti kwa nani na nani asiyepaswa kumpa amri, jambo linaloonekana dogo mpaka siku madaktari 4 wanapojikuta katika chumba kimoja, kila mmoja akiwa amezoea kuwa mkubwa wa chumba. Vikosi vinavyowatuma watu kwenye maradhi ya kuambukiza kwa hewa huongeza kipimo cha barakoa, ambacho ningependa msomaji akione kwa karibu kidogo. Unavishwa barakoa ya N95, kisha kichwa kinafunikwa kofia pana ya plastiki yenye dirisha mbele ya uso. Mpimaji anapuliza ndani ya kofia mvuke wenye ladha tamu ya sakarini au ladha chungu, ambayo amekuonjesha kwanza bila barakoa ili ajue ulimi wako unaitambua. Unaambiwa upumue kawaida, uvute pumzi ndefu, ugeuze kichwa kushoto na kulia, uinue na kuinamisha, usome kifungu kwa sauti, uiname. Ukiuonja utamu wakati wowote, barakoa inavuja na zoezi linaanza upya na barakoa nyingine. Mwenye ndevu hapimwi. Kanuni za usalama kazini zinataka kipimo hicho kirudiwe kila mwaka. Kikosi chenye watu 300, na mpimaji anayemaliza watu 4 kwa saa, kinahitaji saa 75 za kazi kila mwaka kwa kipimo hicho peke yake, na saa hizo mtu hulipwa mshahara, hata kama wanaopimwa hawalipwi senti.

Nimewahi kuhudhuria zoezi moja la kugawa dawa katika ukumbi wa michezo wa shule, ambako vichupa vilijazwa peremende badala ya vidonge. Mlangoni palikuwa na meza, na mezani karatasi zilizochapwa majina. Muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi chumba cha dharura karibu maisha yake yote, alitaja jina lake, mratibu akapitisha kalamu kwenye mstari, akasimama. Leseni ilikuwa imeisha miezi kadhaa nyuma. Hakukuwa na ubishi: akapewa kizibao cha rangi ya machungwa badala ya kile cha kijani cha wanaogusa dawa, akasema, "Haya, nitapanga foleni," akaenda kuipanga, na foleni yake ndiyo iliyokwenda vizuri kuliko zote. Jambo lote lilichukua dakika 2. Mtu aliyeona tukio hilo tu angedhani urasimu umempoteza muuguzi mzuri. Mimi niliona mfumo ukifanya kazi yake, kwa sababu upungufu huo uligunduliwa Jumamosi ya mazoezi, na fomu ya kuhuisha leseni alipewa palepale.

Ukubwa wa kazi inayosubiri orodha hiyo huonekana vizuri ukifanya hesabu. Tangu 2004 miji mikubwa ya Marekani imepangiwa lengo la kuweza kuwapatia wakazi wake wote dawa za kujikinga ndani ya saa 48 iwapo kimeta kitasambazwa hewani. Shehena ya kwanza kutoka ghala la taifa imekusudiwa kufika ndani ya saa 12. Zimebaki 36. Tuchukue kaunti ya watu 600,000, na tuseme mtu mmoja anachukulia familia ya watu 3, hivyo wanaopita kwenye foleni ni 200,000. Hao ni zaidi ya watu 5,500 kwa saa, usiku na mchana. Kituo kimoja kikihudumia watu 500 kwa saa, vinahitajika vituo 12. Kila kituo kikiwa na watu 40 kwa zamu ya saa 12, kwa zamu 3 wanahitajika watu 1,440, bila kuhesabu madereva, walinzi na wanaopokea simu. Hakuna kaunti ya ukubwa huo inayoajiri watumishi wa afya ya jamii 1,440 ili wasubiri siku ambayo huenda isifike kamwe, wala haipaswi kufanya hivyo. Akiba ndilo jibu. Lakini katika hesabu hiyo hakuna saa hata moja iliyotengwa kwa ajili ya kutafuta leseni za watu. Ikiwa uhakiki haujafanyika kabla ya saa ya kwanza, hautafanyika.

Mwaka 2020 ulitupa ushahidi ambao ni vigumu kuupuuza. Mwishoni mwa Machi mwaka huo jimbo la California lilitoa wito kwa wataalamu wa afya wastaafu, wanafunzi na wengineo wajiandikishe kusaidia hospitali zitakapozidiwa na Uviko. Zaidi ya watu 90,000 walionyesha nia. Baada ya kuchuja waliokuwa na leseni inayotumika, waliokamilisha fomu na waliokuwa tayari kupangiwa kazi, waliobaki hawakufika 1,000, na wimbi kubwa la majira ya baridi lilipofika, waliokuwa kazini kupitia mpango huo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Uingereza nayo iliomba watu 250,000 wa kuisaidia huduma yake ya afya, wakajitokeza 750,000 katika siku chache, na wengi wao wakakaa wiki nyingi na simu isiyolia. Ukarimu haukukosekana. Kote kuwili ukarimu ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa kuupokea, na huo ndio upungufu ambao idadi ya waliojiandikisha haiwezi kuuonyesha, kwani yenyewe ndiyo inayouficha.

Wanaotaka mpango wa taifa upunguzwe au ufutwe hawana hoja moja, na si haki kuzitupa zote katika kapu moja. Hoja ya kwanza ni kwamba jambo la mtaa lilipiwe na mtaa. Ina uzito wake, hasa kwa kuwa, kama nilivyosema, vikosi ni vya mitaa kweli. Ila moto wa nyika, kimbunga na homa havisomi mipaka ya kaunti, na muuguzi anayevuka mstari wa jimbo kwenda kusaidia anaweza kuwa mtaalamu asubuhi na mtu asiye na leseni mchana. Kimbunga Katrina cha 2005 kilionyesha hilo waziwazi: wapo wataalamu waliocheleweshwa kuhudumia wagonjwa huku maswali ya leseni na uwajibikaji yakitafutiwa majibu, na ndiyo sababu wanasheria wa majimbo waliandaa baadaye mfano wa sheria moja ya kuwatambua wataalamu wa kujitolea katika dharura, sheria ambayo majimbo mengi bado hayajaipitisha. Mfumo wa kuhakiki leseni kwa pamoja hauwezi kujengwa na kaunti moja moja. Tena kiasi kinachobishaniwa ni kidogo mno. Fungu la kawaida la taifa kwa vikosi hivi limekuwa takriban dola milioni 6 kwa mwaka. Ukigawa kwa watu 300,000, ni dola 20 kwa mtu kwa mwaka mzima.

Hoja ya pili, kwamba kuna mwingiliano na Msalaba Mwekundu, Walinzi wa Taifa (jeshi la akiba la majimbo) na vikundi vingine vya jamii, ni ya kweli nusu. Mwingiliano upo, lakini mashirika hayo hayafanyi kazi ileile: anayetandika vitanda katika kambi ya waliohamishwa si lazima ndiye anayeruhusiwa kumdunga mtu sindano, na pale kambini wote wawili wanahitajika. Sitakaa hapo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ajabu ni kwamba haisikiki mara nyingi. Inasema akiba hii imehesabiwa mara mbili. Muuguzi wa hospitali aliye katika kikosi cha kaunti anaweza pia kuwa katika timu ya tiba ya serikali kuu, na mwenzake akawa katika Walinzi wa Taifa, na siku ya maafa wote wataitwa kwanza na mwajiri wao. Orodha 3 zinamtegemea mtu 1. Hoja hii sina ubishi nayo, ila nakataa hitimisho linalotolewa kwake. Ikiwa tatizo ni kwamba hatujui nani yuko wapi, dawa yake haiwezi kuwa kuifuta kazi ya kujua nani yuko wapi. Kikosi kilichotunzwa vizuri kina safu katika daftari lake inayouliza nani mwingine atakuita, na mratibu mwenye akili huitumia safu hiyo kujenga akiba yake juu ya watu wasiodaiwa na wengine: wastaafu, wauguzi wa shule wakati wa likizo, madaktari wa meno, madaktari wa mifugo, wanafunzi wa miaka ya mwisho, pamoja na watu wasio na taaluma ya afya kabisa, kama wakalimani, makarani, mafundi wa kompyuta na wale wenye kipaji cha kutuliza foleni. Kundi hili la mwisho husahauliwa na karibu kila anayeandika habari za vikosi hivi, ingawa katika hesabu ya watu 1,440 niliyoitoa ndilo lenye watu wengi zaidi.

Inabaki hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa: kwamba shida ikitokea watu watajitokeza wenyewe, kama wanavyojitokeza siku zote. Watajitokeza, hilo sipingi hata kidogo. Wanaochunguza majanga wamekuwa wakieleza kwa miongo mingi jinsi watu, magari na misaada vinavyomiminika mahali pa tukio bila kuitwa. Tatizo la siku hiyo huwa mafuriko ya watu, wala si ukame. Kila anayefika bila kuitwa anahitaji maji, choo, mahali pa kusimama, na mtu wa kumuuliza wewe ni nani, na mtu huyo wa kuuliza ametolewa kwenye kazi nyingine. Zaidi ya hapo kuna sheria. Sheria ya taifa ya mwaka 1997 ya kuwakinga watu wa kujitolea humlinda asidaiwe kwa kosa la uzembe wa kawaida, mradi anajitolea chini ya shirika lisilo la faida au chombo cha serikali, anafanya alichopangiwa, na ana leseni pale inapotakiwa. Haimlindi aliyefanya uzembe uliokithiri wala aliyekusudia kudhuru, na hilo ni haki. Lakini soma sharti la kwanza tena: chini ya shirika au chombo cha serikali. Daktari aliyekuja mwenyewe, kwa gari lake, kwa huruma yake, hana shirika. Sheria za Msamaria Mwema za majimbo zinaweza kumfaa akimsaidia aliyegongwa barabarani, ila kuendesha kliniki ya siku 3 kambini ni jambo jingine. Anayesema watu watajitokeza wenyewe anawaambia watu hao, bila kujua, wajitokeze bila kinga.

Upande wa watetezi nao una lake la kujibu, na sioni sababu ya kuuficha kwa kuwa mimi niko karibu nao. Desturi yao ni kujumlisha saa zote zilizotolewa na wanachama kwa mwaka, kuzizidisha kwa thamani ya saa moja ya kazi, kisha kuitangaza jumla hiyo kuwa faida ya taifa. Hesabu hiyo inawaumiza wenyewe. Kwanza, inamwambia mbunge kwamba kitu cha thamani ni saa, na saa zinapatikana bure, kwa hiyo kwa nini alipe? Pili, inazawadia kikosi kilichosimama kwenye mabanda mengi ya maonyesho kuliko kile kilichotumia mwaka mzima kusafisha daftari lake. Tatu, inashindwa kueleza mwaka wa kimya. Mwaka ambao hakuna lililotokea, saa zitashuka, na fedha zitafuata, wakati huo ndio mwaka wa kuanika nafaka. Mtindo wa kutoa fedha umekuwa wa karamu na njaa vilevile: mwaka 2021 Bunge lilitenga dola milioni 100 kwa mpango huu kwa mkupuo mmoja katika sheria ya kuinua uchumi wakati wa Uviko, kiasi ambacho ni sawa na fungu la miaka 16 hivi ya kawaida, na mara hofu ilipopoa mazungumzo yakarudi kwenye kupunguza. Katika mapendekezo ya bajeti ya mwaka wa fedha 2026, mpango wa maandalizi ya hospitali, ambao ni ndugu mkubwa wa huu, ulilengwa makato ya dola milioni 240. Fedha za mkupuo hununua trela, redio na mahema. Hazimwajiri mratibu, kwa sababu hakuna kaunti yenye busara itakayomwajiri mtu wa kudumu kwa fedha ya mara moja.

Na mratibu ndiye kila kitu. Katika kaunti nyingi ndogo ni mtu mmoja, tena mwenye majukumu mengine 3. Yeye ndiye anayepiga simu kwa mwanachama asiyejibu ujumbe, anayejua kwamba daktari fulani hawezi kufanya kazi na fulani mwingine, anayekumbuka nani anazungumza Kihispania na nani anaijua lugha ya alama. Anapoondoka bila mrithi, majina hubaki kwenye kompyuta lakini ujuzi huo wote huondoka naye, na baada ya miaka 2 kikosi kipo kwenye ramani ya taifa na hakipo mahali pengine popote. Ukitaka kujua kama serikali ya mtaa imepokea kweli mzigo uliotajwa katika amri ya Machi, usiulize imeandikisha watu wangapi. Uliza kama mshahara wa mratibu uko kwenye bajeti ya kawaida au unategemea ruzuku inayokwisha Juni.

Kwa mtazamo huo, zile shughuli ndogo ambazo wakosoaji huziona kama burudani ya wastaafu, kupima shinikizo la damu siku ya soko, kuchanja homa ya mafua kila msimu, kufundisha wanafunzi namna ya kuzuia damu isivuje, kusimamia hema la huduma ya kwanza kwenye mbio, zinapata maana nyingine. Ndizo zinazompa mratibu sababu ya kumpigia mwanachama simu mara 4 kwa mwaka, na ndizo zinazomzoesha mwanachama kufika, kuripoti, kupokea kizibao na kufuata amri ya mtu asiyemzidi elimu. Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za Boston mwezi Aprili 2013, hema la tiba karibu na mstari wa kumalizia lilikuwa limewekwa kwa ajili ya wakimbiaji walioishiwa maji na wenye malengelenge miguuni. Wahudumu waliokuwamo, wengi wao wakiwa wa kujitolea, walikuwa wamekwisha kuhakikiwa, wamepangwa na wana vifaa, na ndani ya dakika chache walikuwa wakifunga mikanda ya kuzuia damu kwenye miguu iliyokatika. Hawakuwa wamejiandaa kwa bomu. Walikuwa wamejiandaa kuwa pamoja mahali pamoja, wakijuana kwa majina, na sehemu kubwa ya utayari ni hiyo.

Ni haki pia kumwambia anayefikiria kujiunga ukweli ambao matangazo ya kuandikisha hayamwambii. Muda mwingi hutaokoa mtu. Utakaa katika masomo, utajaza fomu ileile kila mwaka, utaitwa kwenye zoezi likaahirishwa, na siku ya tukio kubwa huenda ukaambiwa ubaki nyumbani kwa kuwa zamu imejaa na utahitajika kesho kutwa. Matangazo yanayoonyesha helikopta huvuta watu wasiofaa kwa kazi hii na kuwafukuza wanaofaa. Ningependa kuona tangazo lenye picha ya meza, karatasi na kalamu. Lingeandikisha watu wachache, na wengi wa hao wangekuwa bado wapo baada ya miaka 5.

Kama Bunge la Marekani na mabunge ya majimbo yanataka kujua yanalipia nini, yapo mambo machache ya kuulizwa kila kikosi kila mwaka: leseni ngapi zimehakikiwa ndani ya siku 90 zilizopita, wanachama wangapi wana wajibu mwingine unaogongana na huu, nafasi ngapi za kituo cha kugawa dawa zina jina la mtu na jina la akiba yake. Ripoti ya namna hiyo ingeshusha tarakimu ya 300,000 kwa kiasi ambacho kingewaaibisha wengi, na naamini ndiyo maana haijaombwa. Kipimo rahisi kuliko vyote hakigharimu kitu. Mratibu atume ujumbe mmoja Jumapili usiku, bila kuwatahadharisha watu, ukiuliza maswali 2: uko wapi, na ukiitwa sasa utafika baada ya saa ngapi. Kikosi chenye majina 400 kikipata majibu 80 kabla ya asubuhi, kina watu 80, na fedha inayoombwa Jumatatu iwe ya kuwatafuta wale 320 mmoja mmoja kwa simu.